Kiingereza Kisangani: Anayefundisha, Anayelipa, Anayejifunza

Tarehe 11 Julai 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikamilisha uanachama wake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wa 1999 ulioianzisha Jumuiya hiyo unasema, katika kifungu cha 137, kwamba lugha rasmi ni Kiingereza, na kwamba Kiswahili kitakuzwa kiwe lugha ya mawasiliano ya wananchi. Kifaransa hakimo katika kifungu hicho. Wakuu wa nchi walikubaliana baadaye kukiongeza pamoja na Kiswahili. Mzazi wa Kisangani hahitaji kusoma mkataba ili aelewe uzito wa jambo hilo. Ameuona kwenye hati za mizigo inayopitia mpaka wa Kasindi, kwenye matangazo ya kazi ya mashirika ya kimataifa, na kwenye maelekezo ya mashine zinazotoka Dubai na Guangzhou. Kwa hiyo anauliza swali la haki: mtoto wangu atajifunzia wapi lugha hiyo, na kwa bei gani?

Swali hilo limezoea kupewa majibu mawili mepesi. La kwanza ni kwamba aletwe mgeni, mwenye Kiingereza cha kuzaliwa nacho. La pili ni kwamba mtoto aondolewe shule ya umma, apelekwe shule binafsi. Makala haya yanayapima majibu yote mawili kwa hali halisi ya mji, na hoja yake ni moja. Kisangani haikosi vipaji vya lugha, wala haikosi watu waliosomea kufundisha Kiingereza. Inachokosa ni muda wa mwanafunzi kuitamka lugha darasani, mshahara unaomwezesha mwalimu kutulia na darasa lake, na mtihani unaotaka kusikia sauti ya mtahiniwa. Mambo hayo matatu hayawezi kununuliwa na mzazi mmoja mmoja. Yako mikononi mwa Serikali, makanisa na wenye shule.

Mji wenye lugha nyingi

Kisangani ipo pale Mto Kongo unapotoka kwenye maporomoko ya Boyoma na kuanza kupitika kwa meli hadi Kinshasa. Ndipo njia ya mashariki inapokutana na njia ya magharibi, na lugha za mji zimefuata njia hizo. Kiswahili kilifika na misafara ya biashara ya karne ya 19. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimteua Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, kuwa gavana wa Stanley Falls. Lingala ilipanda mto pamoja na meli, askari na muziki. Kifaransa kikawa lugha ya shule, ofisi na mahakama. Nyumbani wapo wanaosema Kilokele, Kimbole, Kitopoke, Kilengola, Kikumu, au lugha ya Waenya, wavuvi wa maporomoko ambao wageni wamezoea kuwaita Wagenia.

Mtoto wa miaka 12 wa mitaa ya Mangobo au Kabondo, kwa kawaida, hana lugha moja. Sokoni anabadilisha Kiswahili na Lingala kulingana na muuzaji, shuleni anaandika Kifaransa, na kwa bibi yake anasikia lugha ya kijiji. Hakuna aliyemfundisha Lingala kwa kanuni za sarufi ubaoni. Ameipata kwa sababu aliihitaji, aliisikia kila siku, na hakuna aliyemcheka alipokosea. Mtoto wa namna hii akimaliza sekondari bila kuweza kumwelekeza mgeni njia kwa Kiingereza, kosa tusilitafute kichwani mwake. Tulitafute katika namna alivyofundishwa.

Tena anaingia darasani na mtaji ambao wengi hawauhesabu. Kiingereza kilichota maneno maelfu kutoka Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kwa hiyo msamiati wa siasa, sheria, sayansi na dini kwa sehemu kubwa anaufahamu tayari kwa macho. Shida yake ipo kwingine: kwenye matamshi, kwa kuwa Kiswahili kina irabu tano tu na Kiingereza kina nyingi zaidi, na kwenye viwakilishi, kwa kuwa lugha za Kibantu hazitofautishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu, hivyo mwanafunzi humzungumzia mama yake kana kwamba ni baba. Makosa ya aina hiyo hayatibiwi kwa kunakili kanuni. Yanatibiwa kwa kusema, kusikilizwa na kusahihishwa, mara nyingi.

Wageni waliokuja na kuondoka

Historia ya eneo hili inaonyesha kwamba kuwapo kwa Mwingereza hakuleti Kiingereza. Wamisionari wa Kibaptisti kutoka Uingereza walifungua kituo cha Yakusu, mwendo mfupi kuteremka mto kutoka mjini, mwishoni mwa karne ya 19. Walijenga shule, wakajenga hospitali iliyopata sifa mbali. Lakini walifundisha kwa Kilokele, na kadiri utawala wa Kibelgiji ulivyozidi kuzisimamia shule, wakafundisha kwa Kifaransa. Mmoja wao, John Carrington, aliyefika Kongo mwaka 1938, alijifunza lugha ya ngoma za Walokele kiasi cha kuandika kitabu maarufu juu yake, kilichotoka mwaka 1949. Kwa miongo kadhaa, basi, kandokando ya Kisangani waliishi watu waliozaliwa na Kiingereza, na Kiingereza hakikuota. Wao ndio waliojifunza lugha ya wenyeji, na hilo ni la kuwaheshimu.

Baada ya uhuru Kiingereza kilipata nafasi kama lugha ya kigeni ya sekondari. Kutoka 1970 hadi 1991 Marekani ilituma Zaire vijana wa kujitolea wa Peace Corps, na baadhi yao walifundisha Kiingereza katika shule za sekondari. Wengi wa waliosoma wakati huo wanawakumbuka kwa heshima: waliingia darasani wakisema Kiingereza mwanzo hadi mwisho, wakacheza michezo ya maigizo, wakakataa kutafsiri kila neno. Mwezi Septemba 1991, askari walipopora Kinshasa na miji mingine, mpango ulifungwa na vijana wakarudi kwao. Walichokuwa wakifanya hakikuwa kimeingizwa katika mfumo wa mafunzo ya walimu wa Kikongomani kiasi cha kuendelea bila wao.

Wimbi la tatu lilikuja na vita. Majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani mwaka 1999 na mwaka 2000. Mapigano ya siku sita, kuanzia 5 hadi 10 Juni 2000, yaliua raia wengi na kubomoa sehemu kubwa ya mji. Umoja wa Mataifa ulileta askari na watumishi, na mashirika ya misaada yakafuata. Ghafla kijana aliyejua Kiingereza kidogo aliweza kuajiriwa kuwa mkalimani na kupata kwa mwezi kipato ambacho mwalimu wake hakuwahi kukishika. Hapo ndipo Kiingereza kilipoacha kuwa somo la ratiba tu na kuwa ngazi ya maisha. Lakini ajira hizo ziliwanyonya walimu kutoka shuleni, na ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipopunguza watu wake mjini, kazi nyingi za ukalimani ziliondoka nao.

Mafunzo ya mawimbi hayo matatu yanafanana. Mgeni huleta mfano mzuri, huamsha hamu, kisha huondoka kwa uamuzi wa makao makuu yaliyo mbali. Anayebaki ni mwalimu Mkongomani. Mpango wowote wa Kiingereza usioanzia kwake umejengwa juu ya mtu anayesafiri.

Shule ya umma: kipindi, mshahara, mtihani

Shule nyingi za umma za Kongo husimamiwa na makanisa. Mobutu alizitaifisha mwaka 1974, kisha kwa mapatano ya mwaka 1977 akazirudisha kwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbanguisti waziendeshe, Serikali ikibaki na mitaala na mishahara. Baadaye Waislamu nao wakapata zao. Ndizo zinazoitwa shule za konvansione. Sheria ya msingi ya elimu, namba 14/004 ya 11 Februari 2014, inazipa lugha za taifa na za mazingira nafasi ya kufundishia, inaweka Kifaransa kama lugha ya kufundishia na kama somo, na inaruhusu lugha za kigeni zenye manufaa kwa nchi zifundishwe kama masomo. Kiingereza kimo katika kundi hilo la mwisho. Katika shule ya umma mtoto hukutana nacho sekondari, akiwa tayari ana desturi ya kusoma kwa kukariri.

Tuufanyie hesabu muda wake. Tuchukue, kwa mfano, darasa la wanafunzi 60 lenye vipindi vitatu vya Kiingereza kwa juma, kila kimoja dakika 50. Jumla ni dakika 150. Nusu yake itakwenda kwenye kuita majina, kuandika muhtasari ubaoni, kunakili na kusahihisha. Zinabaki dakika 75. Mwalimu akimwuliza mwanafunzi mmoja mmoja huku wengine wakisikiliza, kila mmoja anapata dakika moja na robo kwa juma. Katika majuma 30 ya masomo, mwanafunzi atakuwa amesema Kiingereza kwa muda usiofika dakika 40 kwa mwaka mzima. Hakuna mtu aliyejifunza lugha yoyote duniani kwa dakika 40 za mwaka.

Sasa tubadilishe jambo moja tu katika hesabu hiyo. Wanafunzi hao 60 wageukiane wawili wawili kwenye madawati yao, waulizane na kujibizana, mwalimu akipita katikati. Dakika zile zile 75 zinampa kila mmoja zaidi ya dakika 35 za kusema kwa juma, yaani zaidi ya saa 18 kwa mwaka. Tukikubali kwamba nusu ya muda huo itapotea kwa mizaha na Lingala, bado zinabaki saa tisa. Ukubwa wa darasa haujabadilika, vitabu havijaongezeka, hakuna aliyelipa franga moja zaidi. Mbinu hii haina siri. Walimu wanaosomea Kiingereza wanaifahamu. Kwa nini basi haitumiki zaidi?

Sababu ya kwanza ni mtihani. Masomo ya sekondari hufungwa na mtihani wa Serikali, Exetat, ulioanza mwaka 1967. Baada ya insha na mitihani ya vitendo inayotangulia, kipindi chake cha kawaida huchukua siku nne, na siku moja ni ya lugha: Kifaransa na Kiingereza, kwa maswali ya kuchagua jibu moja kati ya kadhaa. Mtahiniwa anasoma kifungu cha habari, anachagua jibu, anageuza karatasi. Hatakiwi kuandika sentensi yake mwenyewe ya Kiingereza, wala kuitamka hata moja. Mtihani huo unasahihishwa kwa urahisi na kwa wingi, na kwa nchi kubwa kiasi hiki hilo si jambo dogo. Lakini mwalimu mwenye akili timamu hufundisha kinachopimwa. Maswali ya miaka iliyopita, ambayo wanafunzi huyaita aitemu, hukusanywa, hunakiliwa na kuuzwa, na mwaka wa mwisho wa sekondari hugeuka kuwa mazoezi ya kuyatambua. Mwanafunzi anayefaulu Kiingereza kwa njia hiyo hajamdanganya mtu. Ametimiza alichoagizwa.

Sababu ya pili ni mshahara. Mwalimu wa Kiingereza wa shule ya umma huingia katika orodha ya malipo ya Serikali baada ya safari ndefu ya makaratasi. Wapo wanaofundisha miaka kadhaa bila kuingizwa, wakiitwa vitengo vipya. Tangu mapema miaka ya 1990, mishahara ilipoporomoka pamoja na thamani ya fedha, wazazi ndio waliobeba shule kwa michango waliyoiita prime. Mwezi Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi aliamuru elimu ya msingi ya umma iwe bure, kama kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinavyodai. Ulikuwa uamuzi wa haki, na uliwarudisha shuleni watoto wengi sana. Lakini madarasa yalijaa kuliko vyumba, na mwaka 2021 migomo ya walimu ilichelewesha masomo nchi nzima. Sekondari, ambako Kiingereza kipo, mzazi ameendelea kulipa. Mwalimu naye, ili familia yake ipate kula, hugawanya juma kati ya shule mbili au tatu, akivuka mji kwa pikipiki au kwa baiskeli ya toleka. Anayefika akiwa na haraka huandika muhtasari ubaoni, kwa sababu muhtasari hauhitaji maandalizi wala nguvu za kusimamia kelele.

Sababu ya tatu ni kelele zenyewe. Wanafunzi 60 wakizungumza wawili wawili, darasa litasikika hadi ofisini kwa prefe, mkuu wa shule. Katika desturi ya shule zetu darasa tulivu ndilo darasa zuri, na mkaguzi hukagua daftari la matayarisho kabla ya kusikiliza mwanafunzi. Mwalimu kijana anayejaribu mazungumzo anaweza kuonekana ameshindwa nidhamu. Hili halihitaji bajeti kurekebishwa. Linahitaji waraka mmoja wa ofisi ya elimu ya mkoa unaosema waziwazi kwamba kelele ya Kiingereza ni kazi inayofanyika.

Mahali pengine tatizo ni la msingi zaidi. Mzozo wa Wambole na Walengola uliolipuka mwaka 2023 uliwakimbiza watu wa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, na kuvuruga shule huko. Mtoto aliyepoteza masomo ya Kifaransa na hesabu hawezi kuulizwa habari za Kiingereza kwanza. Mjadala wa lugha unaosahau usalama na paa la darasa umewasahau wanaoumia zaidi.

Shule binafsi zinauza nini

Sheria ya elimu ya mwaka 1986 ilizifungulia mlango shule binafsi, na kuanguka kwa shule za umma katika miaka ya 1990 kukazijaza. Katika soko hilo Kiingereza ni bidhaa. Shule inayoandika ukutani kwamba ina lugha mbili huvutia wazazi wa mtaa wa Makiso wenye duka, ofisi au ndugu ughaibuni. Mtoto huanza kuimba nyimbo za Kiingereza shule ya awali, hujua rangi na namba kabla ya kufika darasa la tatu, na mzazi akisikia hayo nyumbani huamini kwamba minervali yake, yaani ada anayolipa, imezaa.

Shule hizi zina faida mbili za kweli. Ya kwanza ni kuanza mapema, kabla aibu haijaingia. Ya pili ni idadi: darasa la watoto 30 linampa kila mmoja muda mara mbili ya darasa la 60, hata mbinu ikiwa ile ile ya kuuliza mmoja mmoja. Mzazi anayelipa kwa ajili ya hayo hajakosea.

Lakini faida hizo zina mpaka. Mwalimu wa Kiingereza wa shule binafsi mara nyingi ni yule yule anayefundisha shule ya umma asubuhi au siku nyingine. Amesoma chuo kile kile, anatumia muhtasari ule ule. Mishahara ya shule binafsi hutegemea malipo ya wazazi, na mwezi ambao biashara imekwama mwalimu husubiri. Tena baada ya elimu ya msingi ya umma kufanywa bure, wazazi wengi waliwarudisha watoto huko, na shule ndogo za binafsi zikapungukiwa mapato. Mwishoni kabisa, mtoto wa shule binafsi na mtoto wa shule ya umma wanakaa kwenye Exetat ile ile, wanachagua majibu yale yale. Nyimbo za shule ya awali hazina mahali pa kuendelea, na mtoto aliyeanza vizuri akiwa na miaka minne anaweza kuwa amenyamaza akiwa na miaka 15.

Kwa hiyo tofauti ya shule binafsi na ya umma Kisangani, kwa upande wa Kiingereza, ni ndogo kuliko minervali inavyoonyesha. Mzazi ananunua mwanzo. Muendelezo hauuzwi popote, kwa sababu mfumo wa taifa hauudai.

Pengo hilo limejazwa na taasisi za aina ya tatu: vituo vya jioni na vilabu vya Kiingereza vya vijana. Katika vilabu hivyo wanafunzi wa chuo, mafundi, wauguzi na wafanyabiashara hukutana, huchagua mada, na hubishana kwa Kiingereza. Sarufi hukosewa sana na matamshi hubeba Lingala na Kifaransa, lakini watu wanasema. Wengi wa wanaozungumza Kiingereza kinachoeleweka mjini wamepita huko. Serikali inapaswa kujiuliza kwa nini vijana wasio na bajeti wamefaulu jambo ambalo ratiba rasmi imeshindwa, na jibu lipo wazi: klabu haina mtihani wa kuchagua majibu, ina saa mbili za kusema.

Anayekihitaji na kwa kazi gani

Ni vema kutofautisha mahitaji, kwa sababu Kiingereza kimoja hakitoshi kwa wote. Mfanyabiashara anayetumia Barabara ya Taifa namba 4, kupitia Bafwasende, Niania, Mambasa na Beni hadi Kasindi, anahitaji Kiingereza cha bei, uzito, risiti na forodha. Njiani Kiswahili kinamfikisha mbali. Kampala anaweza kujieleza nacho kwa kiasi. Karatasi ndizo zinazomshinda. Huyu anahitaji miezi michache ya kozi iliyolengwa, si miaka ya sarufi.

Mwanasayansi ana hitaji lingine, na Tshopo, mkoa wa Kisangani, ni mkoa wa sayansi. Yangambi, kiasi cha kilomita 100 magharibi mwa Kisangani, palijengwa kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1933 ambacho kilikuwa miongoni mwa vikubwa vya Afrika ya kitropiki. Leo misitu ya eneo hilo inapimwa kwa ajili ya kuelewa mabadiliko ya tabianchi, na Chuo Kikuu cha Kisangani kimefundisha wanaikolojia wengi wanaoijua kwa miguu yao. Makala za utafiti juu ya misitu hiyo huchapishwa zaidi kwa Kiingereza. Mtafiti wa Kisangani asiyeandika Kiingereza hukusanya takwimu, kisha jina lake hukaa katikati ya orodha ya waandishi, na hoja huongozwa na wengine. Huyu anahitaji Kiingereza cha kuandika, kinachofundishwa chuoni na watu wanaojua uandishi wa kitaaluma.

Na yupo mwalimu mwenyewe. Chuo Kikuu kilizaliwa mwaka 1963 kama Chuo Kikuu Huria cha Kongo, mali ya Waprotestanti. Mwaka 1971 vyuo vikuu vyote viliunganishwa kuwa kimoja, na fasihi na lugha zikapelekwa Lubumbashi. Chuo Kikuu cha Kisangani kilipojitegemea mwaka 1981, mafunzo ya walimu wa Kiingereza mjini yalikuwa yanabebwa na Taasisi ya Juu ya Ualimu, ISP, yenye idara inayoitwa Kiingereza na Utamaduni wa Afrika. Idara hiyo ndiyo kiini cha suala zima. Kila franga inayowekwa pale inawafikia wanafunzi wa miaka 30 ya kazi ya kila mhitimu. Hakuna shule binafsi wala mgeni wa kujitolea anayeweza kuleta faida ya namna hiyo.

Onyo kutoka kwa majirani

Wapo wanaosema dawa ni kufanya Kiingereza lugha ya kufundishia, kama Rwanda. Rwanda ilitangaza uamuzi huo mwaka 2008 na kuuanza mwaka uliofuata, walimu wengi wakiwa wamesoma kwa Kifaransa. Mwaka 2011 ilirudisha Kinyarwanda madarasa ya mwanzo ya msingi, kisha mwaka 2019 ikarudi tena kwenye Kiingereza. Ni nchi ndogo yenye usimamizi mkali, na bado imelazimika kubadilisha uamuzi mara kadhaa na kuajiri kutoka nje: mwezi Oktoba 2022 ilipokea walimu 154 kutoka Zimbabwe. Kongo, iliyo kubwa kuliko Rwanda karibu mara 90, haiwezi kuiga njia hiyo bila kuwapoteza watoto kwa mamilioni.

Tanzania inatoa onyo lingine. Huko watoto wa shule za umma husoma msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari hubadilishiwa kila kitu kuwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kiendelee hadi sekondari; Serikali ikakataa. Uchunguzi wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Miaka 40 baadaye mjadala ni ule ule. Mtoto anayefundishwa biolojia kwa lugha asiyoifahamu hupoteza biolojia na lugha kwa pamoja.

Kisangani inayo nafasi ya kuepuka makosa yote mawili, kwa sababu Kiingereza bado ni somo. Kibaki somo, ila kiwe somo linalofundishwa kikweli.

Kinachoweza kufanyika

Kwanza, Exetat iongezwe sehemu ya kusema, hata dakika tano kwa mtahiniwa, inayosimamiwa na walimu wa shule nyingine ndani ya mkoa kabla ya siku za mtihani wa kawaida, kama insha inavyotangulia sasa. Alama zake, hata zikiwa ndogo, zitatosha kubadilisha kila darasa la Kiingereza nchini ndani ya mwaka mmoja. Uamuzi huo ni wa Kinshasa, lakini shule za konvansione na za binafsi za Kisangani zinaweza kuuanza katika mitihani yao ya ndani bila kusubiri.

Pili, mwalimu wa Kiingereza aingizwe katika malipo ya Serikali tangu anapoanza kazi, na apangiwe vipindi vya kutosha katika shule moja. Hakuna mbinu inayoshinda uchovu.

Tatu, mgeni aletwe kwa kazi inayomfaa. Asipewe darasa la watoto na kuondoka nalo. Apelekwe ISP na katika semina za walimu, ambako ujuzi wake utabaki. Na mgeni huyo si lazima avuke bahari. Tanzania, Uganda na Kenya zina walimu wa Kiingereza wanaojua pia Kiswahili, wanaoweza kumweleza mwalimu wa Kisangani jambo gumu kwa lugha wanayoshiriki wote wawili, na kula naye lituma na pondu bila mkalimani. Nchi hizo nazo zinatafuta walimu wa Kifaransa, na Wakongomani tayari wanakifundisha huko. Mabadilishano ya walimu kati ya vyuo vya ualimu vya Jumuiya, Kifaransa kwa Kiingereza, ni mradi wa gharama nafuu ambao uanachama wa 2022 umeufanya uwezekane.

Nne, Kiswahili kitumike kama mshirika. Mwanafunzi ana haki ya kuelezwa kosa lake kwa lugha anayoifahamu vizuri, kisha arudi kulisema jambo hilo kwa Kiingereza. Darasa linalokataza lugha zote nyingine huwafaidi wachache waliokwisha kuanza nyumbani.

Hatua hizi zote zinamhusu mtu mmoja anayesimama mbele ya ubao. Mzazi wa Kisangani asidanganywe kwamba Kiingereza cha mtoto wake kitatoka kwa mgeni ajaye au kwa bango la shule yenye lugha mbili. Kitatoka kwa mwalimu wa Kikongomani anayelipwa kwa wakati, anayeruhusiwa kuliacha darasa lizungumze, na anayejua kwamba mwisho wa mwaka mtu atakuja kuwasikiliza wanafunzi wake. Mwalimu huyo yupo tayari mjini, amesoma, na anasubiri uamuzi. Kazi ya wazazi, makanisa na wabunge wa Tshopo ni kuudai.